Mutoto wa Kiyahudi katika Inchi ya Kenya



Hapa Muhumba, mutu akisimama kando ya ziwa Kivu wakati wa jioni, anaona milima ya Rwanda mbele yake, karibu sana. Mupaka huu umepitisha wakimbizi wengi, mara wakija kwetu, mara wakitoka kwetu. Mwaka wa 1994 watu wa Rwanda waliingia katika Kivu yetu kwa mamia ya maelfu. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, zamu ikawa yetu: maelfu ya Wakongo walivuka muto Ruzizi katika bonde, na wengi wao walilala katika kiwanja cha mupira cha Rugombo, inchi ya Burundi. Basi kwetu sisi neno «mukimbizi» si neno la kitabuni.

Lakini tunapowaza wakimbizi, mara nyingi tunahesabu: jamaa ngapi, magunia mangapi ya unga, mahema mangapi. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini mutoto mumoja anapotea ndani yake. Ndiyo maana tumependa kueleza habari ya mutoto mumoja: Stefanie Zweig, musichana wa Kiyahudi aliyekimbilia Kenya mwaka wa 1938, akakaa kule miaka ya vita yote, na baadaye akaandika maisha yake katika vitabu. Tutatazama nani alimufungulia mulango, nani alimupa lugha, na jina lake lilichungwa namna gani. Kisha tutasema, bila kuficha, juu ya kosa lililotendwa ndani ya nyumba yetu wenyewe, yaani ndani ya Kanisa.

I. Namna alivyofukuzwa

Stefanie alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tisa 1932 katika Leobschütz, muji mudogo wa Silesia ya Juu. Wakati ule muji huo ulikuwa wa Ujerumani. Siku hizi ni wa Poland, nao unaitwa Głubczyce. Baba yake, Walter Zweig, alikuwa avoka. Mutoto alikuwa hajatimiza miezi mitano Hitler alipopewa utawala, tarehe 30 mwezi wa kwanza 1933.

Mambo hayakuharibika siku moja. Kwanza Wayahudi walifukuzwa katika kazi za serikali, na maavoka wengi wa Kiyahudi wakakatazwa kusema barazani. Mwaka wa 1935 zikatoka sheria za Nuremberg: Muyahudi si mwananchi tena, wala hawezi kuoana na Mujerumani asiye Muyahudi. Tuangalie vizuri jambo hili: sheria ile haikumuuliza mutu anaamini nini, ilimuuliza babu na bibi zake ni nani. Hata Muyahudi aliyebatizwa alihesabiwa Muyahudi. Sisi wakristu tunajua mufano wa Edith Stein, Mukarmeli: alikamatwa katika konventi ya Echt, inchi ya Uholanzi, akauawa Auschwitz mwezi wa nane 1942.

Kwa nini basi Wayahudi hawakuondoka wote mapema? Juu ya milango. Mwezi wa saba 1938 wajumbe wa inchi 32 walikutana Évian, katika Ufaransa, kusudi waseme juu ya wakimbizi hao. Kila mumoja alieleza huruma ya serikali yake. Kisha, karibu wote, waliongeza kwamba kwao hakuna nafasi. Miezi minne baadaye, usiku wa tarehe 9 kufikia 10 mwezi wa kumi na moja, masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto.

II. Mulango wa Kenya

Walter Zweig alikuwa amekwisha kuondoka. Alifika Kenya mwaka ule wa 1938, kabla ya mukutano wa Évian. Miezi michache baadaye mukewe Jettel na mutoto walimufuata. Stefanie alikuwa karibu kutimiza miaka sita.

Kenya ilikuwa na historia yake juu ya Wayahudi. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza iliwaza kuwapa Wayahudi sehemu ya inchi katika uwanda wa Uasin Gishu. Wazungu waliokaa Kenya walipiga kelele, na mukutano mukubwa wa Wayahudi wenyewe ulikataa shauri lile mwaka wa 1905. Watu wa inchi ile, Wanandi na wenzao, hakuna aliyewauliza neno. Walakini Wayahudi wachache walikaa Nairobi, wakajenga sinagogi lao. Ndio waliowasaidia wakimbizi wa mwaka 1938. Kwani serikali ya koloni haikufungua mulango bure: ilidai fedha ya dhamana kwa kila mugeni, na avoka aliyefukuzwa kazini hana fedha. Wayahudi wa Nairobi waliilipa. Twaona basi kwamba jamaa ile iliokolewa na watu wasiojuana nayo, waliotoa fedha yao. Bila fedha ile, huruma yote ya Évian isingewasaidia kitu.

Walter alipata kazi ya kusimamia shamba la muzungu, kwanza Rongai, baadaye Ol Joro Orok. Mutu aliyezoea vitabu vya sheria alipaswa sasa kuangalia ng'ombe, visima na moto wa majani. Mushahara ulikuwa mudogo. Mama alilia sana. Alikuwa ameacha mama yake na dada yake kule Ulaya.

Yatupasa kusema kweli yote. Mashamba yale yalikuwa katika vilima ambavyo Waingereza walivitenga kwa wazungu peke yao, na wenye inchi waligeuzwa kuwa vibarua juu ya udongo wa babu zao. Mukimbizi aliyefukuzwa kwao juu ya damu yake alipata makao mahali ambapo wengine walikuwa wamefukuzwa juu ya rangi yao. Mutoto hana kosa katika jambo hilo. Lakini mwenye kuandika historia asilifiche.

III. Lugha ya jikoni

Mupishi wa nyumba ile aliitwa Owuor, Mujaluo. Kitabu cha Stefanie Zweig kilichomufanya ajulikane, «Nirgendwo in Afrika», yaani «Hakuna mahali katika Afrika», kilitoka mwaka wa 1995. Ni hadithi iliyojengwa juu ya maisha yake. Mutoto anaitwa Regina ndani yake. Lakini jina la Owuor hakuligeuza. Kinaeleza kwamba Walter alishikwa na malaria mwanzoni, na Owuor ndiye aliyemuangalia. Kinaeleza tena kwamba Walter alikuwa amechukua kutoka Ulaya joho lake jeusi la avoka. Katika shamba joho lile lilikuwa la kazi gani? Alimupa Owuor, naye akalivaa kwa heshima. Hivi vazi la heshima lililokatazwa barazani Ujerumani lilipata mabega ya kulivaa katika jiko la Kenya.

Mutoto alifundishwa Kiswahili pale jikoni na inje, kati ya watoto wa shamba. Wazazi walikwenda polepole katika lugha, kwani vichwa vyao vilikuwa bado Ulaya. Mutoto alikimbia mbele. Baada ya muda si mrefu yeye ndiye aliyewafafanulia wazazi mambo ya watu wa pale: namna ya kusalimu, namna ya kungoja kabla ya kuuliza neno kubwa, namna ya kunyamaza.

Sisi tunaotumia Kiswahili kila siku tunasahau nguvu yake. Kwa mutoto yule Kiswahili hakikuwa somo. Kilikuwa lugha ya kwanza ambayo ndani yake hakuna mutu aliyemutukana kuwa Muyahudi. Katika Kijerumani neno «Muyahudi» lilikuwa limekuwa jiwe la kutupwa. Katika Kiswahili cha Owuor alikuwa mutoto tu, mutoto wa Bwana, mwenye kupenda hadithi. Mutu asifikiri kwamba hilo ni jambo dogo. Chakula kilimuchunga mutoto asife. Lugha ile ilimurudisha kuwa mutu kati ya watu.

Tena Owuor hakuwa tajiri, wala hakuwa mukubwa. Lugha ya koloni ilimwita «boyi», hata kama alikuwa mutu muzima. Alikuwa na sababu za kuchukia nyumba ya wazungu. Alichokuwa nacho, ndicho alichotoa: maneno, saburi, na kazi ya mikono yake.

IV. Vita na shule

Tarehe 3 mwezi wa tisa 1939 Uingereza iliingia vitani. Siku zile zile Waingereza wa Kenya waliwakamata wanaume wenye paspoti za Ujerumani, wakawaweka kambini kama adui. Wanawake na watoto waliletwa Nairobi na kuwekwa katika hoteli. Jambo la ajabu: watu waliofukuzwa na Hitler walifungwa kama watu wa Hitler! Makaratasi yalisema «Mujerumani», na askari anasoma makaratasi. Baadaye walifunguliwa, Wayahudi wa Nairobi wakiwasaidia tena. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1941 Ujerumani nayo ilitoa amri: Muyahudi anayekaa inje ya Ujerumani amepoteza uraia. Basi jamaa ya Zweig haikuwa tena na inchi yoyote.

Wakati ule mutoto alipelekwa katika shule ya Waingereza yenye bweni, muji wa Nakuru. Pale alikuwa mugeni mara tatu: kwa kuwa alitoka Ujerumani, kwa kuwa alikuwa Muyahudi, na kwa kuwa wazazi wake walikuwa masikini. Jamaa nyingi za Waingereza ziliweza kulipa. Baba yake alihesabu kila shilingi. Alijifunza Kiingereza, akawa mwanafunzi hodari, akapenda vitabu. Kila likizo alirudi shambani, kwenye Kiswahili chake na kwa Owuor. Hivi alikaa na lugha tatu: Kijerumani cha nyumbani chenye machozi, Kiingereza cha shule chenye sheria, Kiswahili cha shamba chenye furaha. Walimu na wakatekista wanaofundisha watoto waliohamishwa na vita watamutambua mutoto wa namna hiyo. Akinyamaza katika kalasi, si kwamba hana akili. Anatafuta ni lugha gani ya kujibu.

Baba, kwa upande wake, aliingia katika jeshi la Uingereza. Kongo yetu pia ilikuwa vitani upande ule ule: askari wa Force Publique walikwenda hata Uhabeshi, na tarehe 3 mwezi wa saba 1941 Waitalia walijitoa mikononi mwao kule Saïo.

V. Jina na wafu

Barua za kutoka Ulaya zilizidi kuwa fupi. Wakati wa vita mutu aliweza tu kutuma karatasi ya Croix-Rouge yenye maneno yasiyopita 25. Mwishoni hata hizo hazikufika. Vita ilipokwisha mwaka wa 1945, jamaa ya Zweig, sawa na jamaa nyingi, ilijua kwamba ndugu waliobaki wameuawa.

Hapa Kongo msiba huo ulifika pia. Katika Elisabethville, leo Lubumbashi, walikaa Wayahudi wengi waliotoka kisiwa cha Rhodes kufanya biashara. Mwezi wa saba 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa kisiwa kile, karibu watu 1,700, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi wakiwa wazima walikuwa karibu 150 tu. Wafanyabiashara wale wa Katanga, ambao babu zetu waliwaona kila siku nyuma ya meza za maduka yao, walipoteza baba, mama na dada, na pengine wanunuzi hawakujua kitu. Wengine wa wale waliopona walikuja Kongo kutafuta ndugu zao.

Mwaka wa 1947 Walter Zweig aliitwa kuwa hakimu katika Frankfurt, akakubali kurudi. Wengi walimushangaa: namna gani kurudi kwa watu wale? Yeye aliona kwamba kazi yake na lugha yake viko kule, na kwamba Ujerumani mupya wahitaji mahakimu wasio na damu mikononi. Stefanie alikuwa na miaka 14, na mudogo wake Max alikuwa amezaliwa Nairobi mwaka wa 1946. Kwa wazazi ilikuwa kurudi. Kwa musichana ilikuwa kukimbia mara ya pili: aliacha inchi aliyoipenda, akaingia katika muji uliobomolewa na wenye njaa, akapaswa kujifunza upya Kijerumani cha watu wazima. Baadaye akawa mwandishi wa gazeti kule Frankfurt, na mwishoni wa vitabu. Filamu ya Caroline Link iliyofuata kitabu chake ilitoka mwaka wa 2001, ikapata zawadi ya Oscar mwaka wa 2003. Stefanie Zweig alikufa Frankfurt mwezi wa nne 2014. Mwaka wa 2012 alikuwa ametoa kitabu kingine cha maisha yake, ambacho jina lake lasema kwamba kwao hapakuwa mahali popote.

Katika njia hiyo yote jambo moja halikupotea: alibaki na jina lake, na wazazi wake, na taifa lake. Owuor hakumuomba awe Mujaluo. Watoto wengine wa Kiyahudi hawakuwa na heri hiyo, na hapa habari inatugusa sisi.

VI. Watoto waliofichwa katika nyumba za Kanisa

Katika Ubelgiji Wajerumani waliwatoa Wayahudi zaidi ya 25,000 kupitia kambi ya Malines, toka 1942 hata 1944. Mapadri na masista wengi waliwaficha watoto. Mumoja wao alikuwa Dom Bruno, jina lake la kwao Henri Reynders, Mubenediktini wa Mont-César katika Louvain. Alitafuta konventi, shule na nyumba za wakristu, akaokoa karibu watu 400, wengi wao watoto. Kila mutoto alipaswa kupewa jina la uwongo, kwani jina la kweli lilikuwa kifo. Lakini Dom Bruno aliandika katika madaftari yake jina la kweli na mahali alipowekwa. Daftari namna ile, kama Gestapo wangeliona, lingemuua. Aliliandika hata hivi, kusudi vita ikiisha kila mutoto arudi kwa watu wake.

Sasa tutazame upande mwingine. Katika Grenoble, Ufaransa, muganga wa Kiyahudi, bwana Finaly, pamoja na bibi yake, walikamatwa mwezi wa pili 1944, wasirudi tena. Wana wao wawili, Robert na Gérald, walipokelewa na mukristu, bibi Antoinette Brun. Aliwaokoa kweli, na sifa hiyo tusimunyime. Toka 1945 mashangazi zao waliwaomba. Bibi Brun alikataa, na mwaka wa 1948 aliwabatizisha bila ruhusa ya jamaa. Mwaka wa 1953, baraza lilipoamuru warudishwe, watoto walifichwa kwa majina mengine na kuvushwa milima hata Hispania. Mapadri na masista walisaidia jambo hilo, na wengine wao walitiwa gerezani. Mwezi wa sita mwaka ule watoto walirudishwa, wakaenda Israeli. Robert akawa muganga kama baba yake.

Waliosaidia kuwaficha walisema: «Wamebatizwa, wokovu wa roho wapita yote.» Lakini Mutakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa amekwisha kufundisha kwamba watoto wa Wayahudi wasibatizwe wazazi wakikataa, kwani ni kinyume cha haki ya asili. Na sheria ya Kanisa, kanuni 868 ya kitabu cha mwaka 1983, yataka ruhusa ya wazazi, ao ya mumoja wao, ao ya mwenye kushika nafasi yao kwa haki, inje ya hatari ya kufa. Katika mambo ya Grenoble hatari ya kufa ilikuwa imekwisha mwaka wa 1944. Kilichobaki kilikuwa upendo usiotaka kuachilia. Upendo huo ulifanya vizuri ulipofungua mulango, ukafanya vibaya ulipoufunga kwa ndani.

VII. Sisi wenyewe

Mwaka wa 1994 wakimbizi walipojaa Kivu, watu wengi wa Bukavu walikasirika, na hawakukosa sababu. Miti ilikatwa, magonjwa yalikuja, na kati ya wakimbizi walikuwamo watu waliokuwa wameua. Askofu Mukuu Christophe Munzihirwa, Mujezuiti, alijua hayo yote. Alisema tena na tena kwamba mwenye kosa ahukumiwe, lakini mama na mutoto wasilipishwe deni la muuaji. Aliuawa hapa Bukavu tarehe 29 mwezi wa kumi 1996. Mufano wake watufundisha kutofautisha mutu na kundi, jambo ambalo sheria za Nuremberg zilikataa kabisa.

Na wewe museminari, wewe mukatekista, kesho mutoto atasimama mlangoni pa missioni akisema lugha usiyoijua. Pengine ni wa Rwanda, pengine wa Burundi, pengine ni Mukongo wa milima mingine. Umupe chakula, ndiyo. Kisha umupe maneno, kwa saburi, kama mupishi yule wa Rongai. Tena, siku ile ile ya kwanza, uchukue daftari, umuulize jina lake, jina la baba na la mama, jina la kilima chao, uyaandike vizuri na kuyachunga. Akiwa na dini nyingine, umuheshimu. Anaweza kuomba ubatizo siku moja. Lakini aombe akiwa huru, si kwa kuwa ana njaa, wala kwa kuwa wazazi wake hawako kusema.

Mutakatifu Matayo anatueleza kwamba Mukombozi wetu mwenyewe alikuwa mutoto wa Kiyahudi aliyekimbizwa usiku, akaletwa Afrika, katika inchi ya Misri. Injili haitwambii ni nani aliyewapa Yozefu na Maria nyumba kule, wala nani aliyemufundisha mutoto maneno ya kwanza ya lugha ya kigeni. Lakini Herode alipokufa, Mutoto alirudi kwao mwenye jina lake, mikononi mwa wazazi wake. Wamisri wale, tusiojua majina yao, walifanya kazi yao vema.